Mafuta Kila Jumamosi, Kutu Palepale: Kisa cha .303 Iliyohamia Mufindi

Bunduki yenyewe ni Lee-Enfield ya .303, bunduki ya zamani ya jeshi la Uingereza, iliyopunguzwa mbao za mbele ikageuzwa ya kuwindia. Mwenye nayo ni mzee anayeishi ukingoni mwa nyanda za Mufindi, mkoani Iringa, upande wa mashamba ya chai. Alitaka kumuuzia mkulima mmoja wa Mafinga ambaye nguruwe pori na nyani walikuwa wanammalizia mahindi. Mzee alisema ndani ya mtutu kuna uchafu tu. Mkulima alikuja na shemeji yake, fundi wa kuchomelea, naye alichungulia mara moja akasema mtutu umekwisha, hapo kinachouzwa ni mbao na chuma chakavu. Nikaitwa niamue, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kutunza silaha za askari wa wanyamapori.

Wote wawili walikuwa wanabishania kitu ambacho hakuna aliyekiona bado. Kwenye mtutu uliokaa hivyo, uchafu na uharibifu hulala tabaka juu ya tabaka, na uharibifu ndio uko chini kabisa. Huupimi kabla hujaondoa kilichoufunika. Ila kilichonifanya niandike kisa hiki ni jambo jingine. Mzee alikuwa anapaka bunduki yake mafuta kila Jumamosi. Mama wa nyumba alithibitisha, na chupa ya mafuta ilikuwepo. Nje chuma kinang'aa, boliti, kile chuma cha nyuma kinachofunga na kufungua mtutu, inateleza, na ndani kutu tupu. Mtu anayetunza chombo chake kwa bidii namna ile anastahili kujua kwa nini bidii yake haikumfaa.

Habari ya karatasi niimalize mapema. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, bunduki haihami mkono kwa kupeana fedha barazani. Mnunuzi awe na leseni yake, na uhamisho upite polisi. Kwa hiyo kazi yote tuliifanya nyumbani kwa mzee, naye akiwepo, na kwa fundi wa silaha mwenye leseni aliipeleka mwenyewe.

Kabla ya kushika brashi niliuliza historia. Mzee aliipata bunduki hiyo alipokuwa anaishi Pawaga, huko bondeni kwenye Ruaha Mkuu, na alikaa nayo huko miaka mingi. Alipewa pamoja na risasi za kivita za zamani, nazo ndizo alizozitumia siku zote. Akishapiga, alivuta kitambaa chenye mafuta ndani ya mtutu kwa kamba, basi. "Pawaga mtutu ulikuwa kioo, mwanangu," alisema, nami namwamini. Alipostaafu akapanda Mufindi, nyumbani kwa wakwe zake. Huku juu alipiga mara chache sana, kufukuza nguruwe, kwa risasi zilezile. Baada ya masika mawili au matatu akaanza kuona rangi ya kahawia kwenye kitambaa. Akaongeza mafuta. Kahawia ikaongezeka.

Hapo ndipo kisa kilipo. Fataki za risasi za kivita za zamani, kile kidude cha nyuma ya ganda kinachopigwa na pini kikawasha baruti, zilitengenezwa kwa potasiamu klorati. Ikiungua, klorati hubaki kama potasiamu kloridi, chumvi iliyo ndugu wa ile ya mezani. Kila risasi inapopita huacha vumbi la chumvi hiyo ndani ya mtutu, kuanzia kwenye chemba, pale nyuma ganda linapokaa, hadi mdomoni. Ikiwa kavu, haina neno. Lakini unyevu wa hewa ukipita takriban asilimia 84, chumvi hiyo huanza kunywa maji kutoka hewani mpaka iyeyuke yenyewe kwa yenyewe. Maji ya chumvi juu ya chuma, matokeo yake kila mtu anayajua.

Sasa linganisha mahali na mahali. Pawaga iko chini ya mita 1,000, ni nchi kame, na kwa miezi mingi hewa yake haifikishi unyevu huo hata alfajiri. Ukingo wa Mufindi unapata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na hata siku isiyo na mvua ukungu unapanda kutoka bondeni ukaingia mpaka ndani ya nyumba. Chumvi ya Pawaga ililala kimya. Ilipopandishwa Mufindi ikaamka. Bunduki haikuchakaa kwa kutumika. Ilihamishwa tabianchi ikiwa na chumvi tumboni.

Na mafuta je? Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Kitambaa chenye mafuta kinaipitia juu, kinaisambaza, kinaifunika, hakiiondoi. Chini ya utando huo, unyevu bado unapenya polepole na chumvi inaendelea kuupokea. Isitoshe, mafuta ya mzee hayakuwa mafuta ya bunduki. Ilikuwa oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya trekta, kitu ambacho watu wengi wa huku hupaka majembe, milango na nguzo. Oili iliyokwisha kutumika kwenye injini ina masizi, ina asidi zilizotokana na mwako, na mara nyingi ina maji. Kwenye nguzo inafaa. Kwenye mtutu ni kuongeza tatizo.

Dawa ya chumvi ni maji. Nilipotamka hivyo, mzee alishtuka.

"Mwanangu, maji ndani ya bunduki?"

"Ndiyo mzee, tena ya moto."

Hofu yake naielewa, kwa kuwa tumelelewa kujua kwamba maji na chuma ni maadui. Lakini majeshi ya Uingereza yaliyoisambaza bunduki hii duniani yaliwapa askari wao faneli maalumu ya kumimina maji yanayochemka kwenye mtutu baada ya kupiga, ndipo wakaushe na kupaka mafuta. Maji baridi pia huyeyusha chumvi. Ubora wa maji yanayochemka ni kwamba chuma kinapata moto na kujikausha chenyewe, hakibaki na matone kwenye kona.

Tulihakikisha hakuna risasi ndani, kwa jicho na kwa kidole. Boliti ikatolewa, kwenye Lee-Enfield inavutwa nyuma, kichwa chake kinainuliwa, inatoka. Boliti hiyo ni ya bunduki hiyo, ilipimwa pamoja nayo, kwa hiyo isichanganywe na ya nyingine. Mdomoni tukakuta kitambaa kimesokotwa na kushindiliwa. Mzee alikiweka ili nyigu wasijenge tope ndani. Nia njema, lakini kitambaa hicho kina hatari mbili. Mtu akikisahau na kupiga, mtutu unaweza kupasuka usoni pake. Na hata asipopiga, kitambaa kinashika ukungu na kuukumbatisha na chuma mchana na usiku. Tulipokitoa, pembeni mwa pale kilipokaa palikuwa na pete nene ya kutu.

Mtutu ukaelekezwa chini kwenye ndoo. Faneli yenye kipande cha mpira ilifika hadi ndani ya chemba, maji yasiingie kati ya mbao na chuma, kwa sababu yakiingia hapo utakuwa umeanzisha kutu mahali usipoona. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya chai ya mkandaa. Tukaendelea kumimina hadi yakatoka meupe. Kisha vitambaa vikavu, kimoja baada ya kingine, na papo hapo mafuta mepesi, kwani chuma kitupu chenye joto huanza kupata kutu mpya haraka sana.

Tabaka la pili ni masizi ya baruti. Risasi za .303 za zamani zilitumia kodaiti, baruti yenye umbo la nyuzi, inayowaka kwa joto kali. Masizi yake yakikaa miaka yanakuwa magumu. Hapa hakuna siri: dawa ya kuyeyushia, kuiacha ifanye kazi, brashi ya bronzi, kitambaa, kurudia. Jambo moja tu la kuzingatia ni upande. Fimbo iingie kutoka nyuma, kwenye chemba, itokee mdomoni, na brashi isigeuzwe njia ndani ya mtutu. Mdomo wa mtutu ndiyo sehemu ya mwisho inayoigusa risasi, ukilika upande mmoja risasi inasukumwa upande. Kwenye bunduki hii dalili ya kulika ilikuwepo tayari, na chanzo ni ile kamba. Kamba ya kuvutia kitambaa ikiegemea ukingo uleule kila mara, na imebeba mchanga wa Pawaga, inakata chuma kama msumeno mwembamba. Watunza silaha wa zamani waliujua ugonjwa huu vizuri.

Yule fundi wa kuchomelea, mtu mwema na mwenye mikono stadi, aliona kazi inachelewa. Akapendekeza msasa ufungwe kwenye waya, waya kwenye drili, dakika tano kwisha. Nilimkatalia, na nilimweleza sababu kwa kuwa alikuwa tayari kusikia. Ndani ya mtutu kuna mifereji inayozunguka, na kati yake matuta. Kina cha mifereji hiyo hakifiki robo ya milimita. Kinachoizungusha risasi ni kingo kali za matuta hayo. Msasa hauchagui kutu na chuma. Unalainisha kingo, unatanua tundu, na ukitoka hapo mtutu unang'aa kwelikweli lakini risasi haushiki tena. Asidi ya betri, aliyoitaja baadaye, ina kosa hilohilo: inakula kutu na inaendelea kula chuma chini yake.

Chini ya masizi kukatokea shaba. Koti la risasi huacha ngozi nyembamba ya shaba juu ya matuta, na mtutu wenye vijishimo unaikwangua zaidi. Dawa zenye amonia huiyeyusha, na kitambaa kinatoka na rangi ya bluu. Kazi hii ifanywe mahali penye hewa, dawa isichanganywe kamwe na jiki, na muda ulioandikwa kwenye chupa uheshimiwe. Kuna mtego mmoja unaowapotezea watu siku nzima: brashi ya bronzi na kichwa cha shaba cha fimbo navyo vinayeyuka kwenye dawa hiyo, kwa hiyo unaweza kuendelea kuona bluu ya vifaa vyako mwenyewe ukidhani ni ya mtutu. Tulitumia kichwa cha plastiki, na brashi ya nailoni. Sehemu ya mbele ya mtutu ilikuwa na michirizi ya rangi ya fedha isiyotaka kutoka. Hiyo ilinithibitishia umri wa risasi zake, kwani risasi nyingi za .303 za zamani zilivikwa aloi ya shaba na nikeli, nayo ni ngumu kuondoa kuliko ya shaba na zinki iliyokuja baadaye.

Shaba ilipopungua, kutu nyingine ikajitokeza. Imekaa chini ya shaba miaka yote, mafuta hayajawahi kuifikia. Hapa panahitajika subira kuliko nguvu. Mafuta mepesi ya kulegeza kutu yaliachwa ndani usiku kucha, asubuhi brashi na kitambaa, jioni mafuta tena, kwa siku kadhaa, mpaka kitambaa kikaacha kuleta unga mwekundu. Mzee aliifanya kazi hiyo mwenyewe baada ya kuonyeshwa, na aliifanya vizuri kuliko ambavyo ningeifanya mimi, kwa sababu hakuwa na haraka.

Sasa tungeweza kusema kweli kuhusu mtutu, na ulikuwa na hali tofauti sehemu kwa sehemu. Karibu na chemba, ambako kodaiti hupiga kwa joto, matuta yalikuwa yamelika kidogo, jambo la kawaida kwa bunduki ya umri huo. Katikati, sehemu ndefu zaidi, kulikuwa na kijivu cha kutu ya juujuu iliyotoka yote. Kingo za matuta ziko hai. Mdomoni, pale penye pete, palikuwa na vijishimo kamili, vingine vimekata ukingo wa tuta. Kutu huondolewa, shimo haliondolewi. Chuma kilichogeuka kutu kimekwenda.

Wanaonunua bunduki iliyotumika karibu wote wanakodoa macho kwenye tundu la mtutu na kusahau chemba. Mimi naanzia kwenye chemba. Mtutu wenye vijishimo unakukosesha shabaha; chemba mbovu, au boliti isiyofunga kwa kipimo, inaweza kukuumiza. Ganda likipanuka kwa shinikizo linajibana ndani ya vijishimo vya chemba na kukataa kutoka. Kwenye .303 kuna la ziada: ganda linazuiwa na mdomo wake wa nyuma, kile kitako kilichotokeza, na nafasi kati yake na uso wa boliti ikizidi, ganda hurefuka na linaweza kukatika. Nafasi hiyo haipimwi kwa macho. Fundi mwenye leseni aliipima kwa geji akasema imo ndani ya kipimo. Alipitisha pia kipande cha risasi laini ya plumbu ndani ya mtutu na kukipima kwa maikromita, akakuta upana wa mifereji haujatanuka kupita kiasi, isipokuwa mdomoni ambako plumbu ililegea.

Fundi alitoa njia mbili kwa mdomo ule: kuukata hadi palipo na chuma kizima na kuutengeneza upya, au kuuacha. Kukata mtutu ni kazi ya mwenye kibali cha kazi hiyo, na lazima iandikwe. Si ya karakana ya mageti. Tena kwenye bunduki hii kile kidude cha mbele cha kulengea kingebidi kihamishwe, na gharama ingekaribia bei ya bunduki. Nilishauri iachwe hadi ijaribiwe.

Jaribio lilifanyika kwa ruhusa, kwa risasi mpya zenye fataki zisizo na klorati, aina ambayo viwanda vingi vilianza kuileta kuanzia miaka ya 1920. Kwanza yakaangaliwa maganda. Yalitoka bila kubishana, hayana michubuko wala mstari mweupe wa kutaka kukatika. Ndipo tukaenda kwenye karatasi. Nilichokitafuta kwanza ni umbo la matundu. Mtutu uliokufa unarusha risasi inayopepesuka, na tundu lake linakuwa refu, la ubavu. Haya yalikuwa ya mviringo yote. Kwa mita 50 yalikaa ndani ya upana wa kiganja. Kwa mita 100 yalisambaa kiasi ambacho mimi nisingempiga mnyama kwa umbali huo, na nilimwambia mkulima hivyo bila kuzunguka. Nguruwe pori shambani, kwa taarifa na kibali cha ofisi ya wanyamapori, hapigwi kutoka mita 100 usiku. Kwa kazi yake bunduki inafaa.

Bei ilishuka, wakakubaliana. Shemeji ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema mzee asipunjwe.

Risasi za zamani zilizobaki mzee alizisalimisha polisi. Zingeweza kupigwa na mtutu kuoshwa siku ileile, lakini mkulima ana vijana nyumbani na shughuli nyingi, na risasi zinazodai maji ya moto usiku uleule haziwafai watu wenye kazi. Akitumia mpya, bado ana wajibu wa pekee: vile vijishimo vya mdomoni vinakwangua shaba haraka, kwa hiyo atasafisha shaba mapema kuliko mwenye mtutu mzima, la sivyo hata kile kiganja cha mita 50 kitapanuka.

Mafinga nayo ni nchi ya baridi na unyevu, ingawa haifikii ukingo wa Mufindi. Tulikubaliana bunduki isikae ndani ya ala ya turubai wala ya ngozi, kwani ala inanyonya ukungu na kuushikilia. Inakaa kwenye kabati la chuma lililofungwa, mdomo ukiwa umeinama chini na uko wazi, mafuta yasitiririke hadi kwenye boliti na kulainisha mbao za kitako. Akitoka nayo shambani kwenye baridi ya Juni, asiiingize moja kwa moja kwenye chumba chenye moto, maana chuma baridi hutoa jasho ndani na nje. Iachwe kwanza ipate joto polepole, ifutwe, ndipo ipakwe mafuta. Na kabla ya kupiga, mafuta ya ndani yafutwe kwa kitambaa kikavu.

Mvua zilipokwisha mwezi Mei tulipitisha kitambaa cheupe. Sehemu ndefu ya katikati ilitoa rangi ya mafuta tu, na chemba vilevile. Mdomoni vijishimo viwili vilileta kahawia kidogo. Mkulima alivisugua kwa brashi na mafuta mepesi, akapitisha kitambaa tena hadi kikatoka cheupe, na tangu hapo anakiangalia kipande hicho cha mwisho cha mtutu kila wiki wakati wa masika.